Maji ya Jagi

Obunga, Kisumu
Jumanne, 18 Februari 2025

Daktari Aloo,

Chupa thelathini ziko ndani ya sanduku la barafu. Kumi na tano ni za nyumba zinazochota kwenye kioski cha maji chenye mashine mpya ya Injinia Wechuli, na kumi na tano ni za nyumba zinazochota visimani, ng'ambo ya barabara. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuzijaza mahali pa marehemu mume wangu Oketch, na nimezihesabu mara tatu.

Utanisamehe kuandika barua. Kwa simu nasahau nusu ya ninayotaka kusema, tena sauti inanikatika nikimtaja marehemu. Nimeiviringisha kwenye karatasi ya mkate nikaiweka chini ya kifuniko, isilowe.

Nataka kuwa na hakika nimeelewa kazi, maana mimi ni wa darasa la nane tu, na Oketch alikuwa akinieleza tukiwa tunachambua visamaki vya omena, kwa hiyo mengine yalipotea. Mashine inadondosha klorini kwenye bomba. Wewe unahesabu vijidudu vilivyo ndani ya chupa. Daktari Debra anahesabu watoto wa nyumba hizo wanaofika zahanati wakihara. Mwisho wa Julai nyinyi watatu mnaandika ripoti, na kutokana na hiyo ripoti mashine itapelekwa mitaa mingine au itang'olewa. Kama nimekosea mahali, niambie.

Watu wamenipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila nyumba nakuta jagi limewekwa tayari juu ya stuli mlangoni, limefunikwa kitambaa. Nauliza, "Haya ndiyo mnayokunywa?" Wananijibu ndiyo. Hata taabu ya kuingia ndani wananiepushia.

Jana nimeona kwenye mfuko wa shati la Oketch kipande cha penseli alichokitafuna upande mmoja. Nimekitumia kuandika namba za chupa.

Nakhungu Oketch


Milimani
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mama Dolphine,

Umeelewa kazi yote, na umeieleza vizuri kuliko tulivyoieleza sisi tulipoomba ruhusa ya kuifanya. Chupa zako zimefika baridi, zimefungwa vizuri, namba zinasomeka. Nafurahi watu wanakupokea.

Endelea kuandika. Sanduku likirudi tupu siku ya Alhamisi, jibu langu litakuwa ndani.

Pole bado. Oketch alizoea kuniuliza mlangoni, "Leo wamezaa wangapi?", akimaanisha vijidudu. Sasa hakuna anayeniuliza.

Aloo


Milimani
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mama Dolphine,

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Afadhali uyasikie haya kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Kila chupa tunayoipokea, tunachuja maji yake na kuyaweka kwenye sahani ndogo, halafu sahani inalala kwenye kabati la joto. Kama maji yana vijidudu vya kinyesi, kesho yake tunaona vidoa vya buluu. Kwa miezi kumi na minne sahani za Oketch zilikuwa zimejaa vidoa, nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za barabara. Wakati huo mashine ilikuwa haijafungwa. Tangu uanze wewe, sahani ni nyeupe. Tungefurahi kama zingekuwa nyeupe upande wa kioski peke yake. Lakini upande wa visima nako ni nyeupe, na huko hakuna mashine. Visima haviwezi kujisafisha wiki ileile tuliyomzika mtu.

Daktari Debra anasema watoto wa visimani bado wanakuja kama zamani, na hao hawezi kuwa amewaota.

Maelezo mawili tu yanabaki. Ama sampuli zako zina kasoro, ama zake. Wewe unavaa glavu, unafunga chupa sawasawa. Oketch alikataa glavu tangu siku ya kwanza. Alisema zinamfanya aonekane anakuja kupasua mtu. Mkutano wa jana umeona kwamba huenda uchafu tuliouhesabu miezi yote kumi na minne ulitoka mikononi mwake. Wanataka sampuli zake zifutwe zote, na ripoti iseme kwamba zilichafuliwa na mchukuaji.

Mimi ndiye ninayejua mambo ya vijidudu mle ndani. Niliwaambia inawezekana. Ripoti haijafungwa bado.

Aloo


Obunga
Jumanne, 27 Mei 2025

Daktari Aloo,

Chupa thelathini.

Oketch alikuwa akinawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni ya kipande, kabla hajatoka. Alikuwa anakausha mikono kwa kuipunga hewani kama mtu anayefukuza kuku, kwa sababu alisema taulo yangu ina mafuta ya samaki. Hayo niliyaona kila Jumanne kwa miezi kumi na minne.

Lakini siwezi kuapa. Nilimwona akitoka nyumbani. Sikumwona akifika kwa watu.

Kama ni lazima zifutwe, naomba yasiandikwe yale maneno, kwamba alichafua. Binti yetu Dolphine yuko kidato cha tatu, anajua kusoma ripoti.

Nakhungu


Kioskini, Obunga
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mayi Nakhungu,

Mulembe, mama, kama tunavyosalimiana kwetu Bukusu. Ni mimi Wechuli, yule wa mashine. Daktari Aloo ameniambia wewe ni mtu wa barua, basi nami nakuachia hii kwa mwenye kioski. Mwandiko wangu unisamehe, injinia hufundishwa kuchora tu.

Nimekuwa nikipima klorini kwenye masalio ya chupa zako, kile kidogo kinachobaki maabara ikishamaliza. Upande wa kioski nilitarajia kuikuta klorini, maana mashine yangu inaitia kila siku na mimi mwenyewe nimeionja bombani. Kwenye chupa haimo. Upande wa visima haimo pia, ila huko sikuitarajia. Sasa nisaidie, Mayi. Maji ya kisima cha Obunga, bila klorini, bila kijidudu hata kimoja? Hayo ama ni maji ya mbinguni, ama yamepitia jikoni. Maji yakichemka, vijidudu vinakufa na klorini inapaa, vyote viwili. Nimenusa chupa moja, ikanuka moshi wa makaa.

Nakuuliza kama mwana wenu, bila ubaya: huzisuuzi chupa kwa maji ya moto kabla ya kuzijaza? Mtu msafi anaweza kufanya hivyo akidhani anasaidia. Mama yangu angefanya.

Kama ndivyo, sema tu. Sampuli zako zikifa, za mzee zinafufuka.

Frankline Wechuli


Obunga
Jumanne, 10 Juni 2025

Daktari Aloo,

Leo hakuna chupa. Sanduku limekuja na barua tu, na naomba uisome umekaa.

Injinia aliniuliza kama nasuuza chupa kwa maji ya moto. Sijawahi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu hasira iliisha, neno "jikoni" likabaki. Nikaenda kwa Aoko, nyumba ya kumi na tisa, upande wa visima. Aoko na mimi tulikuwa tukisukana nywele pale kwake. Nilimkuta anachambua mboga. Jagi halikuwepo mlangoni kwa sababu haikuwa Jumanne.

Nikamwambia, "Aoko, yale maji ya jagi unayachemsha?"

"Ya mgeni lazima yachemke."

"Mimi nimekuwa mgeni lini? Kichwa changu chote unakijua."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye mboga. Nikamuuliza Oketch alikuwa akichota wapi.

"Huyo? Huyo alikuwa anaingia mpaka ndani, anafunua mtungi, anachungulia, ananiuliza, 'Aoko, chura wako amelala?' Namfukuza na mwiko. Halafu anachota na kikombe changu mwenyewe, kilekile cha watoto, anamimina kwenye chupa yake."

"Basi na mimi nichotee humo."

"Min Dolphine," akaniita kwa Kijaluo, mama wa Dolphine, "usinilazimishe kusema."

"Sema tu."

Akaweka kisu chini. "Wewe ni chi liel."

Wewe Daktari ni Mjaluo, hilo neno hutafsiriwi. Mimi ni Mbukusu, nilikuwa nikilisikia nikidhani ni jina tu la mjane. Aoko akanieleza, na alinieleza polepole kama mtu anayetoa mwiba. Mke wa kaburi. Wazee wa kwa Oketch hawajamaliza mambo yangu, ile mila ya kumtakasa mjane, na mpaka wayamalize sistahili kuingia nyumba za watu wala kutia mkono kwenye mtungi wa watoto wao.

Nikamwambia kanisani waliniombea.

"Nilikuwepo, nikaimba. Lakini mtungi si kanisa. Mtoto akipatwa na kitu, nitamwambia nini baba yake?"

Halafu akasema walikubaliana wote, kioskini na visimani, wiki ile niliyoanza. Hawakutaka kunifukuza, maana wananipenda, na hawakutaka nione aibu. Kila mmoja akachemsha maji, akanitolea nje kwa jagi. Mmoja alikuwa anaazima jagi la jirani.

Miezi minne nimekuwa nikiwaandikia kwamba napokewa vizuri. Mimi nilikuwa nafurahia lile jagi, Daktari. Asubuhi nyingine nilikuwa nalitazamia.

Sampuli zangu si maji wanayokunywa. Zifute. Za Oketch ziache.

Nakhungu


Milimani
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama Dolphine,

Nimeisoma nimekaa, na nimeisoma tena nimesimama.

Uliniambia habari ya jagi barua yako ya kwanza kabisa. Niliisoma, nikafurahi kwa ajili yako, nikaiweka kwenye droo. Mimi, mtoto wa mjane. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano, na mama alikaa muda mrefu akinywea kikombe chake peke yake, kikiwekwa dirishani mbali na vyetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha. Ningepaswa kulijua lile jagi kabla ya mtu mwingine yeyote, na badala yake niliishuku mikono ya mumeo. Naomba unisamehe.

Jana niliomba fomu zake za karatasi zitolewe ghalani. Kwenye kompyuta tuliingiza namba tu. Mstari wa chini, ule wa maoni, hatukuuingiza kwa sababu maneno hayajumlishwi. Oketch aliujaza kila wiki. "Nyumba ya 7, mtungi una mchanga chini, mama amekasirika kwamba nimeona." "Nyumba ya 12, kikombe kimeanguka ndani ya mtungi, mtoto amekitoa kwa mkono, nimechota baada ya hapo kwa sababu ndivyo watakavyokunywa." "Nyumba ya 19, chura bado analala." Huyo wa mwisho sikumwelewa mpaka nilipopata barua yako.

Mtu aliyekuwa akichungulia hivyo alikuwa akichota kwenye mtungi wenyewe. Debra alizisoma pamoja nami, akaniambia, "Hizi ndizo namba zangu, kwa maneno."

Lakini wenzetu watataka zaidi ya maneno. Wanataka kuona mitungi ileile ikipimwa sasa, kabla ripoti haijafungwa. Naweza kumtuma mtu mwingine kutoka hapa maabara. Hutalazimika kusimama tena mbele ya nyumba hizo, na mshahara wako hautaguswa. Habari ya wazee wa kwa Oketch sitaitia mkono. Hilo si jambo la maabara kukuharakisha.

Aloo


Obunga
Jumanne, 24 Juni 2025

Daktari Aloo,

Chupa thelathini, za mtungini.

Usimtume mtu. Mtu wa Milimani aliyevaa koti jeupe atachemshiwa mpaka chai. Nimefikiria wiki nzima nikaona dawa ni mimi kukaa nje na kusema kwa nini niko nje.

Kwa hiyo nilisimama mlangoni kila nyumba, mikono mgongoni, nikasema: sitaingia, sitagusa, naomba wewe mwenyewe uchote kwa kikombe chako kama unavyomchotea mtoto, umimine humu. Ukinitolea jagi, yule mzee wangu ataandikwa mchafu na mashine itang'olewa.

Wengine walitazama chini. Nyumba ya tisa, yule mama mnene wa mandazi, aliniambia, "Kwa hiyo sasa umejua."

"Nimejua."

"Na hukukasirika?"

"Nimekasirika. Chota."

Akachota. Alipokuwa akimimina, maji yakamwagika kwenye kiatu changu. Akasema, "Pole," nami nikasema hayo ni ya kisima, hayana thamani. Akacheka mpaka akaketi.

Aoko alichota akiwa ananitazama usoni. Alipomaliza aliniuliza kama bado nataka kusukwa, akaleta stuli yake nje, uani. Tulikaa pale. Alisema uani hapana neno.

Wazee wa kwa Oketch wanasema Desemba, kaka yake mkubwa akirudi. Nitawasubiri. Sikuolewa nusu.

Nakhungu


Milimani
Alhamisi, 10 Julai 2025

Mama Dolphine,

Wiki tatu za mtungini zimekamilika. Upande wa visima, nyumba kumi na tatu kati ya kumi na tano zina vidoa, kama zilivyokuwa kwenye fomu za Oketch. Upande wa kioski, nyumba mbili tu kati ya kumi na tano, na Wechuli amekuta klorini yake kwenye zile nyingine zote. Unajua jinsi anavyopenda kuonja vitu, sasa hanyamazi. Watoto wa Debra wanaenda hivyohivyo: wa kioski wamepungua, wa visima wako palepale. Kwa mara ya kwanza tulikaa watatu mezani na hakuna aliyemwambia mwenzake amekosea kuhesabu.

Miezi kumi na minne ya Oketch inabaki yote. Hakuna glavu iliyotajwa. Jina lake litakuwa kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na yetu, na lako litafuata lake. Mashine haitang'olewa. Kuhusu mitaa mingine hatujajibiwa, lakini tumeomba.

Sampuli zako za Februari hadi mwanzoni mwa Juni zinafutwa, kama ulivyosema. Hapo ndipo nakuhitaji. Lazima niandike sababu. Naweza kuandika "hitilafu katika uchukuaji", na hakuna atakayeuliza zaidi. Sitaki kukuanika, wala kuwaanika wale kina mama. Lakini nikiandika hivyo, mtu mwingine huko Siaya au Homa Bay atamtuma mjane na chupa, naye atawekewa jagi, na hatajua.

Sema wewe. Nitaandika utakavyosema.

Aloo


Obunga
Jumanne, 15 Julai 2025

Daktari Aloo,

Usiandike hitilafu. Neno hilo lilikuwa karibu kumwangukia Oketch, na baadaye lingeniangukia mimi, na halina mtu ndani yake.

Sikutaka kuamua peke yangu kwa sababu aibu si yangu peke yangu. Jumapili baada ya ibada niliwaambia kina mama kumi na mmoja waliokuwepo. Walibishana sana. Mmoja alisema watasoma watu wa Nairobi na kutucheka. Aoko akamwambia, "Watu wa Nairobi wakitucheka watakuwa wamekunywa maji safi, sisi tunayo ya kisima, nani wa kuchekwa?" Yule mama wa mandazi ndiye aliyemaliza. Alisema, "Waandike tulimwogopa, na waandike tulimpenda. Yote mawili yalikuwa kwenye jagi moja."

Kwa hiyo andika hivi, kwa Kiingereza chenu mkipenda: kwamba mchukuaji alikuwa mjane ambaye mila yake haijakamilishwa, kwamba nyumba zilimpa maji yaliyochemshwa ili asiguse mtungi na asione haya, na kwamba yeye mwenyewe hakuuliza, kwa sababu alihitaji kupokewa vizuri. Hilo la mwisho usiliache. Ni kweli kama mengine.

Jina langu liandike lote, Nakhungu Oketch.

Chupa ni ishirini na tisa leo. Mama wa nyumba ya ishirini na tatu alisikia habari za Jumapili akasema nimewaanika, na hataki nisimame hata mlangoni kwake. Sikumlazimisha. Jirani yake alijitolea kunijazia chupa ile kwa maji yake, akasema ni kisima kimoja, nani atajua. Nilimshukuru nikakataa. Chupa ya ishirini na tatu inarudi kwako tupu, nimeifunga na kuiandika tarehe. Msinikisie namba hapo. Iacheni tupu.

Nakhungu Oketch